Karantini ya Samaki Nyumbani kwa Mzee Guyo

Samaki mgeni akifika kwako, usimkaribishe. Najua neno hili litawaudhi nyinyi vijana wa Isiolo, mliolelewa katika mji ambao mgeni hajapata hata pa kuketi na tayari ameshikishwa kikombe cha chai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Samaki mpe giza. Mpe giza, maji yaliyotulia na mahali pa kujificha, kisha umwache na mambo yake.

Mlikuja juzi na simu zenu mkitaka niwafundishe kazi, na swali lenu la kwanza likawa dawa. Mama Nkatha, dawa gani ni nzuri? Nilitaka kuwafukuza, basi tu mlikuwa mmeniletea ndizi. Fundi Ochieng, aliyenifundisha kazi hii kule Nairobi, alikuwa akisema samaki wengi hawauawi na ugonjwa, wanauawa na kupendwa. Nilicheka aliposema hivyo. Kisha nikarudi hapa Isiolo na samaki wangu wa kwanza, wa kupambia kliniki moja, nikafungua mfuko na kuwamwaga moja kwa moja kwenye tangi ili wapate raha upesi. Kabla ya saa sita walikuwa wanaelea tumbo juu, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mama mmoja aliniambia waziwazi kwamba hawezi kutibiwa mahali ambapo hata samaki wameshindikana.

Basi jueni kwamba mimi ni Mmeru, nilizaliwa kati ya viazi na miraa, na mpaka leo sijui kuogelea. Nimefanya kazi ya samaki wa mapambo katika mji wa ngamia na mbuzi mpaka magoti yakakataa kuinama. Wengi wa majirani zangu hawali samaki na wala hawataki kusikia habari zao. Wanamwona kama nyoka aliyekosa adabu. Kwa hiyo msiniambie soko ni gumu. Soko nalijua.

Lakini nikitaka mwelewe karantini ni nini, lazima niwape habari ya Mzee Guyo na mama yake.

Mzee Guyo ni mfanyabiashara wa ngamia. Ana sauti ya kuita mnyama aliye ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu wa mchanga, na hiyohiyo ndiyo anayoongelea kwenye simu. Nyumba yake ilikuwa haifungwi mlango. Wageni wa Oldonyiro wakiondoka wanapishana getini na wa Ngaremara, runinga inasoma habari kwa watu wasiosikiliza, na sufuria ya chai haishuki jikoni. Katikati ya vurugu hiyo alimleta mama yake, Akko Halima, kutoka Kulamawe. Akko ni nyanya, yaani bibi, kwa Kiborana, na mji mzima ulimwita hivyo. Alikuwa na presha, na Mzee Guyo alitaka akae karibu na kliniki.

Akko hakutaka kukaa. Kila asubuhi alifunga furushi lake la nguo na kuketi nalo mlangoni akisubiri gari la kwenda nyumbani. Mwanawe alimbembeleza kwa nyama, kwa kitanda kipya, kwa shuka za maua. Hakuna kilichomshika. Kitu kimoja tu alikipenda mjini: samaki wangu wa pale kliniki, maana wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kuwaweka hai. Akienda kupimwa hukaa akiwatazama mpaka wamwite mara mbili. Alisema hawa ni mifugo wenye heshima, hawapigi kelele na hawajui njia ya kutoroka.

Ndipo Mzee Guyo akaniita.

"Mama Nkatha, leta samaki," akasema. "Leta ya rangi ya dhahabu, mingi. Weka kwa sebule. Jumamosi naita watu waje waione, tunachinja."

"Jumamosi haiwezekani, Mzee. Wakifika lazima kwanza wakae karantini."

Jamani! Mtu huyu ambaye nimemwona akisimama mbele ya ngamia dume mwenye hasira alishika ukuta. Akatazama dirishani, akafunga pazia, akaninong'oneza, "Hiyo neno usitaje kwa nyumba yangu."

Nyinyi ni watoto wa hapa, mnajua. Kwetu sisi karantini si neno la mchezo. Karantini ni soko kufungwa, malori kurudishwa, na mifugo kukondeana huku bei ikizikwa ikiwa hai. Nilimweleza kwamba karantini yangu ni ya beseni moja ndani ya stoo, kwamba samaki aliyetoka mbali amechoka, na akichoka ugonjwa aliokuwa ameuficha hutoka, na ukiwachanganya na wengine mapema unawamaliza wote. Alikubali, lakini kwa sharti kwamba nisiseme kwa sauti.

Samaki walikuja na basi la kutoka Nairobi, mifuko yao imezungushiwa gunia ili wasione mwanga wala kutikiswa na macho ya watu. Kwanza niliiacha mifuko ielee, ikiwa imefungwa, juu ya maji ya beseni, joto la ndani na la nje lisalimiane. Halafu kuna jambo ambalo nyinyi mtalidharau. Maji ya Nairobi ni laini, na maji ya bomba zetu hutoka visimani, yana chumvi ya kuzuia sabuni kutoa povu. Ukimtupa samaki kutoka huku kwenda kule, hata joto likiwa sawa, mwili wake unashtuka. Kwa hiyo niliwahamishia kwenye ndoo pamoja na maji yao ya safari, nikachukua mrija wa dripu, nikaufunga fundo ili maji yadondoke taratibu, nikaacha maji ya hapa yawaingilie matone kwa matone ndani ya ndoo yao. Walipozoea nikawatoa kwa wavu, nikawaweka kwenye beseni, na yale maji ya safari nikayamwaga nje. Msiyamimine kamwe kwenye beseni. Hayo ni uchafu wa njia nzima.

Beseni lenyewe halikuwa na urembo. Chini hakuna kokoto, ili nione kinyesi na mabaki. Vipande vya bomba na gae la chungu, wapate pa kujificha. Kichujio cha sponji nilichokitoa kwenye tangi langu la kliniki, kikiwa tayari kimezoea kazi ya kusafisha maji. Juu nikatandaza leso. Siku hiyo sikuwapa chakula. Samaki mwenye fadhaa hali, na chakula asichokila kinaoza na kumtia sumu. Wavu wao na ndoo yao nikavifunga utepe mwekundu visiguse tangi jingine lolote.

Akko alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo na fimbo yake.

"Wewe msichana," aliniita, na mimi wakati huo nilikuwa na wajukuu, "hawa watapona?"

"Hawaumwi, Akko. Wanapumzika."

"Sikia. Hawa wakikufa ndani ya hii nyumba, mimi naenda Kulamawe siku hiyohiyo. Nyumba inaua samaki itawacha mzee?"

Mzee Guyo alisikia. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyekabidhi mali yake yote kwa mlevi. Tangu hapo kila nikiingia stoo alinifuata mpaka mlangoni akipumua juu ya shingo yangu, na kila samaki akitulia kidogo alinishika mkono akiuliza kama huyo ndiye ameanza kufa.

Sasa, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtu fulani jikoni alisikia karantini. Kufikia adhuhuri neno lilikuwa sokoni. Kufikia alasiri mchuuzi wa Ngaremara alisimama nje ya geti, akakataa kuingia, akaomba asalimiwe kutoka mbali. Watu walivuka barabara wakiona gari la Mzee Guyo. Kisha akaja daktari wa mifugo mmoja, jina nalihifadhi maana bado tunasalimiana. Alikuja amevaa buti za mpira mpaka magotini na pampu ya dawa mgongoni.

"Nimeskia kuna wagonjwa," akasema. "Wako wapi?"

Nikamwonyesha beseni. Akainua leso, akatazama sana.

"Ni hawa tu?"

"Ni hawa tu."

"Wana alama ya sikio?"

Nilimwuliza sikio angelipata wapi. Akakuna kichwa, akasema sheria ni sheria, mnyama akihamishwa lazima awe na alama, labda tungejaribu kwenye pezi. Akko akamgusa buti kwa ncha ya fimbo, akamwonyesha njia. Lakini alipogeuka pampu yake iligonga rafu, sufuria kuukuu zikaanguka sakafuni kwa mshindo, na samaki wote wakajirusha upande mmoja wa beseni. Mmoja alijibana ndani ya bomba mpaka jioni. Mkumbuke hilo. Kwa samaki, mshindo si sauti tu. Unapita ndani ya maji na kumpiga mwili mzima.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, na kililetwa na upendo. Habari zilipofika kwa jamaa, zilikuwa zimeshageuka. Hawakusikia tena karantini. Walisikia kwamba katika nyumba ya Guyo kuna wagonjwa na wamewekewa dripu. Na mgonjwa kwetu hujuliwa hali. Wakaja. Walikuja kwa magari na kwa miguu, wakavua viatu, wakaingia stoo kwa zamu, kila mmoja akiinua leso na kusema pole. Wapo waliowaombea dua. Mzee mmoja wa Kisomali alikaa kitako kando ya beseni muda mrefu, kisha akauliza kwa huzuni huyu mdogo ni mtoto wa yupi.

Mimi nilikuwa nimeenda kliniki kulisha. Niliporudi nikamkuta Shangazi Dhaki, dada yake Mzee Guyo, anatoka stoo akifunika kibuyu chake.

"Pole na wagonjwa, Mama Nkatha," akasema. "Sasa watapata nguvu. Nimewapatia maziwa ya ngamia, fresh."

Nilimpita mbio, na kwa umri wangu mbio si neno ninalolitumia ovyo. Maji yalikuwa meupe kama chai ya harusi. Samaki walikuwa juu, midomo nje, wakigugumia hewa, na mmoja alikuwa amelala ubavu. Maziwa yakiingia majini huanza kuoza mara moja, na kuoza huko hula hewa ambayo samaki anaihitaji. Niliogopa, siwafichi. Akilini nilimwona Akko na furushi lake la nguo, nikaona gari la Kulamawe, nikaona Mzee Guyo akibaki barabarani.

Kilichotuokoa ni jambo la kijinga kabisa. Fundi Ochieng alinizoesha kuwa na maji ya pili. Popote penye samaki wageni, weka kando mapipa ya maji yaleyale, yaliyokwisha kupumzika usiku kucha ili dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba itoke, yakikaa chumba kilekile ili joto liwe moja. Nilikuwa nayo pembeni mwa stoo, nimeyafunika. Nikajaza ndoo, nikatumbukiza pampu ya hewa, nikawahamisha mmoja mmoja kwa wavu bila kuwashika kwa mkono. Yule wa kulala ubavu nilimsogeza mbele ya mapovu, nikamkinga na wavu asizame. Mzee Guyo alikuja akasimama nyuma yangu, na Shangazi Dhaki alikuwa analia akisema hata ngamia mgonjwa hunywa.

Akajiinua. Alipepesuka kidogo, akajinyoosha, akaingia kwenye bomba lake. Mzee Guyo alikaa chini sakafuni na kanzu yake nzuri.

Basi hapo Akko akachukua serikali. Alivuta kigoda mlangoni mwa stoo, akaweka fimbo magotini, akatangaza sheria. Hakuna kuingia. Hakuna viatu koridoni. Runinga izimwe. Simu za ngamia zipigwe nje, mbali, kule kwenye mti wa mwisho. Wageni waambiwe wagonjwa wamekatazwa kuonwa. Mzee Guyo alijaribu kukohoa akaonyeshwa fimbo. Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe alianza kutembea kwa ncha za vidole vya miguu ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, na akitaka chumvi mezani anaonyesha kwa mkono.

Nami nilikuja kila siku. Nilibadilisha maji kidogo kidogo, sikuyatoa yote kwa mpigo. Nilitoa chakula cha kubana kwa vidole viwili. Halafu kazi kubwa: kutazama. Je, mapezi yamefunguka au yamebanwa mwilini? Je, anajikuna kwenye gae? Je, kuna vidoadoa vyeupe, au anahema juu? Kama hakuna, usimpe dawa yoyote, hata mkono ukikuwasha. Akko alitazama pamoja nami. Alijifunza upesi, na akawapa majina ya ng'ombe wake wa zamani aliowapoteza kwenye ukame. Akinitajia habari za asubuhi nilikuwa nasikia kwamba Fulani amekula vizuri lakini Fulani ananyanyasa wenzake kwenye malisho.

Mwezi ukapita, wakawa wazima. Walikuwa wananing'ang'ania mkono wakiona chakula, rangi imewaka. Nikawahamishia kwenye tangi la sebuleni, taratibu zilezile za kuelea na kudondosha matone, taa ikiwa imezimwa. Mzee Guyo akafanya alichokuwa amekingoja. Alichinja. Aliwasha runinga. Jamaa wote wakamiminika, watoto wakagonga kioo, simu zikarudi ndani, na yule daktari wa mifugo akaja kula nyama bila buti.

Nilimtafuta Akko nimpe hongera, sikumwona. Nilimkuta stoo, gizani, amekaa kwenye kigoda mbele ya beseni tupu. Furushi lake la nguo lilikuwa limefungwa miguuni pake.

"Akko, watu wako wanakutafuta. Samaki wamepona!"

"Mimi sijapona," akasema. "Hii mwezi moja nilikuwa nalala. Hata yule dada wa kliniki anashangaa presha imeshuka, anauliza nimekunywa nini. Sijakunywa kitu. Ni hii kimya. Sasa sikia huko." Tukasikiliza. Huko walikuwa wanacheka na kugonga kioo. "Gari ya kesho nitapata."

Nimeshika samaki wengi waliokuwa wanakufa kwa kelele, lakini sikuwahi kufikiri kwamba binadamu naye anaweza kubana mapezi.

Nikaenda sebuleni. Nilipiga makofi, nikasema kwa sauti ya daktari kwamba nina habari mbaya. Niliwaonyesha tangi. Na kwa kweli sikuwa mwongo mtupu, maana samaki wote walikuwa wamejikusanya nyuma ya jiwe, wamepauka, hawataki kuona mtu. Nikasema fadhaa imewarudia. Nikasema karantini inaanza upya, nyumba nzima safari hii, na sijui mwisho wake.

"Wallahi?" akauliza Shangazi Dhaki, akirudisha kibuyu chini ya shuka.

"Wallahi," nikasema, Mmethodisti mimi.

Wakafunga nyama yao kwenye karatasi na kuondoka kwa vidole. Runinga ikazimwa. Mzee Guyo aliduwaa katikati ya sebule, mkono kichwani. Nilimhurumia sana, lakini koridoni nilimwona Akko akipita na furushi lake, analirudisha chumbani.

Karantini hiyo iliendelea. Kila mara nilipokuja, jamaa waliuliza getini kama wamepata nafuu, nami nikasema bado, ni ugonjwa wa polepole. Samaki walikua mpaka ikabidi niwaletee tangi kubwa zaidi. Akko aliwalisha mwenyewe na kuwakemea kwa Kiborana. Hakuzungumza tena habari za gari.

Siku moja nikimaliza kazi Mzee Guyo alinisindikiza mpaka nje, akasimama mbali na dirisha. Nilijua saa yangu imefika. Huyu amenunua na kuuza mifugo maisha yake yote, anajua mnyama mgonjwa na mnyama mzima kwa kutazama kwato tu.

"Mama Nkatha," akanong'ona, kwa maana alikuwa ameshasahau kuongea kwa sauti. "Hii samaki nimeangalia. Iko mzima kunishinda."

Nikafungua mdomo nijitetee.

"Ngoja nimalize. Mama alizaa mimi malishoni, nikakua kwa ng'ombe, halafu nikaingia biashara. Sijawahi kukaa na yeye. Saa hii kila asubuhi tunakaa hapo mbele ya kioo, sisi wawili, hakuna simu, hakuna mtu. Ananiambia mambo ya baba yangu sikuwa najua." Akapangusa uso kwa ncha ya kanzu. "Nakuomba kitu moja. Usiwaponyeshe."

Nikamwambia itakuwa vigumu, kwa jinsi walivyonenepa, lakini nitajitahidi.